Uso Alioacha Bombay

Ukiuliza Newala leo, kila mtu wa rika langu atakwambia alimjua yule mwenye duka la kanga. Wengi wanatia chumvi. Waliomjua kweli ni wachache, nami ni mmoja wao, maana cherehani yangu ilikaa kwenye baraza la duka lake muda mrefu kuliko alivyokaa mume yeyote ndani ya nyumba yake. Nilimjua kwa uso wake wa kwanza, nikamjua kwa uso wake wa pili, na hata sasa nikimwota hunijia bila uso kabisa, sauti tu, ananiita nikamshikie pindo la kanga.

Jina lake sitalitaja. Watu walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, mimi nilimwita Mama, naye aliniita Fundi. Mimi ni Myao wa Masasi, nilipanda Newala kutafuta riziki, na yeye ndiye aliyenipa pa kuweka cherehani. Hakunitoza pango. Alichotaka ni kwamba nisivute sigara karibu na kanga zake, na nisimtongoze mteja yeyote kabla hajalipa.

Hakuwa mtu mtamu, nisije nikamsingizia. Mwanamke akishika kanga isiyomfaa alimpokonya. "Weka hiyo. Itakufanya ufanane na godoro." Na mteja aliweka, akanunua aliyochaguliwa, akarudi wiki inayofuata na shoga yake. Zilipokuja zile nyakati za ruksa, ambapo mwenye ujasiri aliweza kuleta bidhaa kutoka popote bila kuulizwa sana, wanaume wa mji walikaa vijiweni wakijadili kama ni kweli au ni mtego. Yeye alikuwa ameshapanda lori, ameshalala Kibiti kwenye matope, ameshafika Kariakoo. Aliporudi na marobota yake, wale wanaume walikuwa bado wanajadili.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Kwenye rafu ya nyuma aliuza krimu za kung'arisha uso, zile za vikopo vyenye picha ya mwanamke mweupe anayecheka, na ziliuzika vizuri msimu wa korosho. Lakini binti wa Mkunya, kijiji alikotoka mwenyewe, akija kununua alifukuzwa. "Nenda kwenu. Ukiungua, mama yako atakuja kunililia mimi." Binti wa Masasi alimuuzia bila kupepesa macho. Nilipomwuliza tofauti ni nini alinijibu kwamba mama za hao wa Masasi yeye hawafahamu.

Tena alikuwa na hofu zake. Pale kwetu juu, asubuhi ukungu hupanda kutoka bonde la Ruvuma ukajaza barabara, hata mtu akikujia unasikia miguu yake kabla hujamwona. Katika ukungu huo hakuitikia salamu ya mtu. Utasikia shikamoo inatoka kwenye weupe ule, naye kimya, amesimama na ufagio wake mpaka mtu atokeze. "Nionyeshe uso kwanza," alikuwa akisema, "salamu baadaye." Nilimtania kwamba anaogopa wadeni wake. Alinijibu, bila kucheka, kwamba si kila sauti ya asubuhi ina mwenyewe.

Sasa niseme habari ya uso wenyewe. Ulikuwa umejaa nembo, mistari ya pembepembe iliyopangana mashavuni, mingine katika paji la uso, na vijiti vifupi kidevuni. Alichanjwa akiwa kigori, kwa kisu kidogo cha mhunzi, akapakwa masizi ya mbegu za nyonyo, na kidonda kilipopona akachanjwa tena palepale, na tena, hata ngozi ikainuka. Mwanga wa jioni ukimjia kwa upande, mashavu yake yalionyesha matuta madogo kama shamba la mihogo lililolimwa na mtu mwenye subira. Wanawake wa umri wake wengi walikuwa nazo, na waliomzidi wengine walivaa na ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu. Waliozaliwa baadaye hawakuchanjwa. Shule zilicheka, dini zote mbili zilinung'unika, wakubwa wa wilaya walisema ni ushamba, na mafundi wa nembo wakafa bila kumwachia mtu kisu.

Aliyemchanja yeye alikuwa bibi mmoja wa Mkunya aliyeogopwa na wasichana wa vijiji vyote vya jirani. Kazi ikipungua, mwenye duka alipenda kunisimulia habari zake. Alisema bibi yule alimkalia kifuani kwa magoti ili asitikisike, na hakuruhusu mtoto kulia. Alisema pia kwamba bibi mwenyewe alikuwa na nembo ambayo hakumchora mtu mwingine, mstari mmoja mnene ulioinuka kama kamba, kutoka pembe ya mdomo upande wa kushoto hadi chini ya sikio. Wanawake walimwomba awachore wa namna hiyo, akakataa katakata. "Huu ni wangu," aliwaambia. "Mkiuona kwa mwingine, mjue ni mimi." Alikufa kabla watu hawajahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, akazikwa Mkunya, na mwenye duka alikuwapo mazishini. Aliponisimulia hayo tulicheka wote wawili.

Newala nembo zilimpa heshima. Katika sherehe za wanawali aliitwa mbele, na hakuna mwanamke aliyethubutu kukaa kabla yake. Akishuka Dar es Salaam zikawa kitu kingine. Mtoto wa mwenye nyumba ya wageni alimwona akalia hadi akatapika. Mlinzi wa duka la jumla alimfuata nyuma kila alipogeuka. Alipokwenda kupiga picha ya pasipoti, mpiga picha alimpa kitambaa afute uso.

"Nikamwambia hazifutiki," alinisimulia. "Akaniambia, jaribu na mate."

Aliisimulia kama kichekesho, na baraza zima lilicheka, lakini mimi niliyekuwa karibu niliona mkono wake umekunja ile kanga iliyokuwa mapajani hata ikafanya fundo. Ningejua mwisho wake nisingecheka.

Kanga za Bombay zilikuwa zimeanza kuingia kwa wingi, na mwanamke mmoja wa Kariakoo, mfanyabiashara mwenzake, akamchukua wakazifuate wenyewe. Safari ya kwanza alirudi na mali ya kutosha kujaza duka hadi darini. Alirudi na jambo jingine pia. Mwenzake yule alikuwa ameondolewa mafuta ya tumbo kwenye nyumba ya tiba ya huko, akarudi kiuno kimebana, na alimwambia kuwa kule ngozi nayo hutengenezwa, unaingia mtu mzima unatoka kigori. Tangu siku hiyo mwenye duka alibadilika. Alikuwa akikaa kwenye mlango wa duka akijipitisha kidole shavuni, juu na chini.

Nilimwambia ukweli wangu, maana mimi sina dogo moyoni. "Mama, hizo si uchafu."

"Fundi, wewe ukikosea mshono si unafumua?"

"Nafumua uzi, Mama. Kitambaa hakifumuliwi."

"Hujawahi kupewa kitambaa ufute uso wako," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jambo moja tu lilimrudisha nyuma, nalo ni mama yake. Mama huyo, ambaye sote tulimwita bibi, alikuwa hai huko Mkunya, akitunzwa na binti yake mdogo. Macho yake yalikuwa yameshafungwa na mtoto wa jicho, basi watu aliwajua kwa mikono. Ukifika ulimsogezea uso, naye aliupapasa. Mwenye duka alikwenda kila Ijumaa baada ya swala, na nimewahi kumsindikiza nikaona. Vidole vya bibi vilipanda kwenye yale matuta ya mashavu taratibu, akifurahi kama mtu anayehesabu kuku wake jioni akakuta wote wamerudi. "Huyu ni wangu," alikuwa akisema kila mara. Safari ya pili ilipofika, mwenye duka alimwambia mama yake kwamba anafuata kanga tu. Mengine hakumwambia.

Yaliyomkuta Bombay nimeyapata vipande vipande, kwa miaka, na mpangilio huu ni wangu. Daktari alimwuliza mistari ile imetokana na nini, na mwenzake wa Kariakoo ndiye aliyekuwa akitafsiri. Hapo aibu ya Dar yote ikamrudia. Alisema aliangukia jiko utotoni, akaungua. Hebu fikiria. Daktari aliitazama ile mistari iliyonyooka kuliko rula yangu, akaitikia kwa kichwa, akaandika. Foleni yake ilikuwa ndefu na fedha ilikuwa imeshalipwa, kwa nini abishane?

Walimkwangua kwa kigurudumu cha chuma kinachozunguka kwa umeme. Kwa kuwa hakuna aliyejua habari ya masizi, hakuna aliyejua yameshuka kiasi gani. Ngozi ya juu iliondoka, weusi ukabaki. Wakakwangua ya pili, weusi bado uko. Wakaufuata. Alisema alisikia wakizungumza kwa sauti ya juu, kama mafundi wanaochimba kisima ambacho maji yake yanakimbia. Upande wa kushoto ganzi ikamwisha kabla hawajamaliza, akashtuka, na kigurudumu kikateleza.

Alitakiwa kukaa huko aangaliwe. Lakini mwenzake alikuwa na mali bandarini, kibali cha kukaa nchini kilikuwa kinakwisha, na Mama mwenyewe lugha hakuwa nayo hata ya kuombea maji. Akapanda ndege na bendeji zake, usaha ukimshukia shingoni. Uwanja wa ndege wa Dar ofisa alitazama pasipoti, akamtazama yeye, akamwambia, "Huyu si wewe." Walimkalisha kwenye benchi hadi jioni. Aliniambia kwamba kadiri alivyokaa pale ndivyo alivyoanza kuona ofisa ana haki.

Siku aliyorudi dukani nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Mtu alipita mbele yangu kwa mwendo wa Mama, amevaa kanga ya Mama, akafungua kufuli kwa ufunguo wa Mama. Alipogeuka nikasimama. Uso ulikuwa mwekundu, laini, unang'aa kama bibo lililoiva, na ndani ya uso huo macho ya Mama yalinitazama. Sioni haya kusema niliogopa. Nilimpa pole, akaitika, na hata sauti haikuwa yake. Kovu lilikuwa limeanza kuvuta mdomo upande wa kushoto, basi maneno yalitoka na upepo ndani yake.

Wateja walikuja kumwulizia mwenye duka. Siku za mwanzo aliwaeleza. Baadaye nikamsikia akiwajibu, "Mwenyewe hayupo," kwa utulivu kabisa, na mteja anasema atarudi, naye anasema sawa, nitamwambia. Siku moja niliingia ndani kumkanya. Alikuwa amekaa juu ya robota, amejifunika.

"Mama, kwa nini unawajibu hivyo?"

"Kwani nimewadanganya?"

Ijumaa ya kwanza alikwenda Mkunya peke yake. Aliporudi hakunieleza kitu. Aliyenieleza ni mdogo wake, alipokuja mjini kununua chumvi. Bibi alisogezewa uso kama kawaida. Mikono ikapanda, ikasimama, ikarudi mapajani.

"Wewe nani?"

"Mimi, mama. Nimerudi."

"Mwanangu amekwenda Bombay," bibi alisema. "Nangu nina binti mmoja tu asiye na nembo, naye yuko jikoni." Kule kwetu Mmakonde akisema nangu anasema mimi, na bibi alilitumia neno hilo alipokuwa hataki ubishi. Mdogo mtu akaja mbio kutoka jikoni, akaapa kwa Mungu kwamba ndiye dada yake. Bibi akakasirika, akawaambia wasimfanye mjinga kwa kuwa haoni.

Baada ya hapo mwenye duka akapata njia ambayo sijui mtu mwingine angeivumilia. Aliendelea kwenda kila Ijumaa, akajitambulisha kuwa ni mjumbe. Alikaa kwenye kigoda, akasema, "Nimetumwa na mwanao. Anakusalimu sana." Bibi alichangamka. Alimwuliza mwanawe anakula nini huko, kama kuna mihogo, kama watu wanamheshimu. Alimpa karanga ampelekee. Alimsimulia habari za utoto wa binti yake, jinsi alivyochanjwa nembo bila kulia, na yule binti mwenyewe akakaa anasikiliza habari zake kama za mtu mwingine. Na kila safari bibi alimalizia kwa maneno hayohayo. "Mwambie arudi kabla sijafa. Nataka nimshike nijue ni yeye."

Alikuwa akirudi na zile karanga, ananimiminia mimi kwenye meza ya cherehani. Yeye hakuzila. Nami nilizila kwa uchungu, maana kuzitupa niliona ni dhambi.

Hapo ndipo kuwashwa kulipoanza. Kwanza mashavuni, halafu kidevuni, halafu kila mahali palipowahi kuwa na nembo. Alisema ni kama kuna mtu anamchora kwa kijiti. Nilimkuta ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili ili asijikune. "Wanaandika, Fundi," alinong'ona. "Wamerudi kuandika." Jua lilikuwa linawaka, soko limejaa watu, redio ya muuza samaki inaimba, na bado nywele zilinisimama.

Nilimpeleka Masasi mimi mwenyewe, kwenye hospitali ya Mkomaindo. Daktari alikuwa kijana mpole, alimshika uso bila kukunja wake. Alimwuliza walitumia nini, dawa gani walimpaka, nani wa kuwasiliana naye. Mama hakujua hata moja. Tulikuwa tumejaribu kupiga simu Bombay kutoka posta, ikapokelewa na mtu anayesema lugha yake, ikakatwa. Daktari alieleza polepole kwamba kuna ngozi ambayo ikijeruhiwa haijui kuacha kupona, inaendelea kujijenga hadi inakuwa kamba. "Nembo zenyewe zilikuwa zimeshasema, mama. Ziliinuka kwa sababu ngozi yako ni ya namna hiyo. Aliyekukwangua angejua ni nembo, asingegusa."

"Ukizikata je?"

"Zitarudi kubwa zaidi."

Alifunga kanga yake kichwani, akamshukuru daktari kwa adabu zote. Tukarudi Newala, gari likihangaika kwenye mchanga. Tulipoanza kupanda mwinuko alisema tu kwamba nembo alikuwa nazo, akaenda Bombay kusema ni moto.

Makovu yakainuka kama daktari alivyosema. Mashavuni yalikuja mabonge yasiyo na mpango. Lakini upande wa kushoto, pale kigurudumu kilipoteleza, uliinuka mstari mmoja, mnene, safi, kutoka pembe ya mdomo hadi chini ya sikio. Mimi sikumwona bibi fundi wa nembo. Nilikuwa nimesikia habari zake tu, nikajiambia usijitie wazimu, wewe ni mtu wa rula na chaki. Kisha vikongwe wa Mkunya wakaja dukani siku ya soko. Walikuwa wanapiga kelele barabarani, wakipanda ngazi wanasukumana, naye akatoka ndani kuwapokea bila mtandio. Mmoja alijifunika mdomo kwa kiganja. Mwingine akageuka kunitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyefanya, akasema, "Huyu tulimzika." Wakashuka ngazi wakisaidiana.

Mama alirudi ndani, akajitazama kwenye vioo vya kuuza, kimoja baada ya kingine. Kutoka siku hiyo aliacha kwenda Mkunya. Ijumaa ilipofika alifunga duka kama kawaida, akakaa nyuma ya mlango mpaka magharibi. Nilijua alichokuwa anaogopa. Wakati uso wake ulipokuwa laini alikuwa mgeni kwa mama yake, na mgeni anaweza kupewa karanga. Hakujua sasa angekuwa nani.

Mara ya mwisho nilipoingia naye katika nyumba ile ilikuwa msimu wa korosho kuanguka. Mdogo wake alituma habari kwamba bibi hali tena chakula, tumbo linakataa, na anamwulizia mjumbe wa Bombay. Mama alinijia barazani asubuhi. "Fundi, funika cherehani. Nisindikize." Tulipata gari la wanunuzi wa korosho, likatushusha Mkunya, tukatembea katikati ya mikorosho huku mabibo yaliyooza yakinuka kila mahali. Aliniambia njiani kwamba safari hii hatakuwa mjumbe. Atauweka mkono wa mama yake usoni, aushikilie, aseme mimi ni mwanao mpaka akubali. "Asife ananingoja na mimi niko," alisema. Nikamwambia ni sawa, na nilikuwa namwombea kwa moyo wangu wote.

Bibi alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mdogo mtu amekaa miguuni pake. Nikatangulia kumsalimu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi fundi wa Newala, wa dukani kwa mwanao."

"Amerudi?"

Mama akapita mbele yangu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akauchukua mkono wa mama yake akauweka shavuni mwake. Ulikuwa mkono umekauka, umebaki mifupa. Vidole vikaanza kutembea. Vilipita kwenye mabonge ya shavu la kulia bila kusimama, vikavuka pua, vikafika kwenye pembe ya mdomo, vikaukuta ule mstari. Vikaufuata taratibu mpaka chini ya sikio, vikarudi hadi mdomoni, vikaufuata tena. Bibi akautoa mkono. Akajisukuma kwa viwiko, mdogo mtu akamsaidia, akakaa wima, akajifunga vizuri kanga yake kifuani. Kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alimwambia binti yake.

Mdogo mtu alitoa sauti, akajiziba mdomo. Mama aligeuka kunitazama, na sitasahau macho yale, yalikuwa ya mtoto aliyepotelewa na watu wake sokoni. Alifungua mdomo kusema alilokuja kulisema. Nilimwona akilitafuta. Mama yake alikuwa bado ameinamisha kichwa, anangoja kuitikiwa na mkubwa wake.

"Marahaba," Mama alisema.

Bibi akashusha pumzi. "Umenifuata. Haya, nangu niko tayari, sikatai. Lakini nikuulize jambo kwanza, maana wewe ndiye uliyemchora. Mwanangu alikwenda Bombay, hajarudi. Hawa wananiletea watu wengine, wananiambia ndiye. Naona wananificha. Huko mliko, umemwona?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Mama. Yakifika kwenye ule mstari yaligeuka, yakashuka kwa upande wa sikio.

"Sijamwona," alisema. "Hajafika kwetu. Yu hai."

"Una hakika?"

"Ningemjua. Nilimchora mwenyewe."

Bibi alitikisa kichwa mara nyingi, na uso wake, ambao tulipoingia ulikuwa wa mtu aliyeshaaga, ukapata damu. Akamwambia mdogo mtu amletee uji. Halafu akaugeukia ule upande alikokaa binti yake, akasema kwa heshima, lakini kwa sauti ya mtu aliyekata kauli:

"Basi wewe tangulia peke yako, bibi. Nangu namngoja mwanangu."

Mama aliinuka. Alimrekebishia shuka miguuni, kisha akatoka nje kama alivyoambiwa, nami nikamfuata.